Geti la Saa Moja na Nusu

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza na muziki. Tukae tu hivi hivi. Jumanne iliyopita alifariki mlinzi mmoja wa shule, mzee wa miaka sitini na nne. Mzee huyo nilimkosea. Nilimkosea hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki, na nyinyi mkisikia.

Alilinda geti la sekondari miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa, geti lile lile la bati la bluu, kiti kile kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Wanafunzi walimwita Mzee Ingia. Ukifika umechelewa, unahema, shati liko nje, yeye hafoki. Anakuuliza, "Umechelewa kwa nini?" Unajibu. Anaandika kwenye daftari lake kwa penseli, halafu anasema, "Ingia, ingia. Chomekea shati."

Daftari hilo ninalo hapa mezani. Bintiye aliniletea jana. Hakunisalimia vizuri, na ana haki. Akaniambia, "Baba alisema hakuna mtoto anayependa kuingia darasani wenzake wote wakimgeukia. Akichelewa, ujue nyumbani kuna kitu."

Niwasomee kidogo. "Kidato cha pili, mvulana. Viatu alivaa kaka yake zamu ya usiku, alimsubiri arudi." "Kidato cha kwanza, msichana. Foleni ya maji." "Kidato cha tatu, msichana. Alikuwa anamwogesha bibi." Huo mstari wa bibi unajirudia mara thelathini na moja. Nimeuhesabu mwenyewe.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja. Msichana alimwogesha, akambadilishia shuka, akamlisha, kisha akamsubiri shangazi atoke zamu kiwandani. Akifika shule ni saa mbili kasoro dakika kumi. Na kwenye hesabu alikuwa wa kwanza. Wa kwanza, kidato kizima.

Mzee Ingia hakuishia kuandika. Alimwomba mkewe aende akae na bibi asubuhi. Mama wa watu alikwenda wiki tatu, goti likamgomea. Basi mzee akaenda kwenye kikao cha wazazi, akavua kofia, akaomba nyumba tano. Tano tu, kila nyumba asubuhi moja kwa wiki. Mwenyekiti akamjibu, "Wewe mzee umeajiriwa kulinda geti au kulea bibi wa watu?" Kikao kizima kikacheka. Wakaendelea na ajenda ya rangi ya sweta, na hiyo ikawachukua saa nzima.

Halafu akaja mkuu mpya wa shule. Geti lifungwe saa moja na nusu kamili, aliyechelewa arudi kwao. Asubuhi ya tatu, Mzee Ingia alimfungulia yule msichana mlango mdogo. Mkuu akamwona kutoka dirishani. Mpaka saa sita mchana barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji, na barua ina mistari minne.

Mlinzi mpya hakumuuliza mtu kitu. Msichana alikuta geti limefungwa Jumatatu, akalikuta limefungwa Jumanne, akalikuta limefungwa Alhamisi. Wiki iliyofuata hakuja tena. Hakuna mwalimu aliyekwenda kwao. Hakuna mzazi, hakuna jirani. Na orodha ya wachelewaji, iliyokuwa na majina kumi na moja, ikasoma sifuri. Itaachaje kusoma sifuri, jamani, na wanaochelewa mmeshawafukuza? Shule ikapewa ngao ya nidhamu. Na mimi, kwa mbwembwe zangu, nikamwalika mkuu hapa studio, nikamwita jemadari wa wakati. Loh! Aibu gani hii.

Mzee Ingia akapiga simu. Rekodi ipo, nimeisikiliza mara nne. Anasema, "Habari za leo, Mkuu. Mimi nilikuwa mlinzi wako. Nina swali moja tu. Wale kumi na mmoja waliokuwa wakichelewa..." Hapo mimi nikaingilia, tena nikicheka: "Mzee wangu, muda umetutupa mkono, asante kwa kutusikiliza!" Nikakata. Tukaweka muziki.

Muda haukututupa mkono. Zilikuwa zimebaki dakika sita. Dakika sita! Nilimkata kwa sababu nilisikia sauti ya mtu mwenye uchungu, na sikutaka mgeni wangu anune.

Bibi alifariki miezi minne baada ya msichana kuacha shule. Miezi minne tu ya kumvumilia mtoto, ikatushinda. Msichana alirudi getini, akaambiwa nafasi yake imejazwa. Leo, miaka miwili baadaye, anaosha vyombo mgahawani. Alikuja msibani, akakaa nyuma na akina mama. Nikamuuliza kama anafikiria kurudi shule. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyepotea njia. "Nirudi darasa gani, mjomba? Wenzangu wameshamaliza."

Kwa mjane wa Mzee Ingia, poleni sana, mama. Kwa bintiye, ambaye huenda ameshaizima redio, pole, mwanangu, na nisamehe ukiweza. Mungu amfungulie baba yako kama alivyokuwa akiwafungulia watoto wetu.

Swali lake liko ukurasa wa mwisho wa daftari. Mjane ananiambia siku ile mumewe alilisoma kwa sauti jikoni mara tatu kabla ya kupiga simu, asije akababaika hewani. Ameandika hivi: "Wale kumi na mmoja waliokuwa wakichelewa, leo wako wapi, na nani amewafuata nyumbani?"

Ndilo swali nililomkata. Sasa nawauliza nyinyi, walimu, na nyinyi mliocheka kwenye kikao kile, na wewe jirani uliyemwona mtoto wa watu anarudi na begi lake asubuhi ukanyamaza. Msichana mmoja tunajua yuko wapi. Wamebaki kumi.

Kipindi kimebakiwa na dakika sita. Sitaweka muziki. Namba ya simu mnaijua.

Nasubiri.