Dirii ya Godoro la Mlimani

Benchi letu liko Engutoto, mbele ya kibanda cha Ndesanjo fundi viatu, na jiko la kahawa ni langu. Nasema ni langu kwa sababu siku ya tatu hii Ndesanjo analikalia kama alizaliwa nalo. Anapasha juu yake magodoro membamba ya sponji ngumu, yale wanayoacha wazungu wakishuka Mlima Meru, anayakunja yakiwa moto yashike umbo la kifua cha mtu, anapaka gundi, kisha rangi ya fedha ya mageti. Anatengeneza dirii za kifuani za askari wa Kirumi, za mchezo wa Pasaka kanisani kwao. Wanataka nane. Lakini kamati imesikia kuna duka mjini lina za plastiki kutoka ng'ambo, ikasema mjumbe atapita leo aangalie kwanza. Tangu ndala za nje ziwe ruksa kuingia, Ndesanjo hana kazi. Hii akiikosa, anafunga kibanda arudi migombani kwa kaka yake. Dirii ya kwanza imeisha asubuhi hii, na aliyeivaa ni Lekishon, mpagazi wa mlimani. Tunamwita Kilele, kwa kuwa hajawahi kukifikia.

— Eti aangalie kwanza, akasema Ndesanjo. Mimi nimebatizwa pale. Plastiki imebatizwa wapi?

— Wanakudharau, akasema Abdulrahman muuza mitumba, ambaye hapa tunamwita Redio. Kitu kikitoka Engutoto wanakipima. Kikitoka ng'ambo wanakipigia makofi kikiwa bado kwenye boksi.

— Na wewe unayetuuzia masweta ya marehemu wa Ulaya? nikamuuliza.

— Bibi, sweta ni sweta. Hili ni suala la taifa.

Kilele akajaribu kuinama achukue kikombe, akashindwa. Nikampa mkononi.

— Mimi nasema wanaogopa, akasema Kilele. Godoro hili limelalia barafu na maji hayakuingia. Askari akivaa hili, nani atamwogopa malaika?

— Hujafika mbali, akasema Redio. Unadhani wazungu wanayaacha kule juu kwa bahati mbaya? Jeshi lao lote linavaa sponji ndani. Ndiyo maana hawasikiki wakija.

— Kweli, Kilele akadakia. Kuna mmoja niliyembebea mzigo alianguka kwenye mawe, akadunda.

— Si alikuwa mnene? nikamuuliza.

Ndesanjo akachukua nyundo ya viatu, akampiga Kilele kifuani.

— Umesikia kitu?

— Sijasikia.

— Basi plastiki ifanye hivyo. Hii nimeiunga mwilini mwake mwenyewe, mbavuni pande zote nimeziba kwa gundi ya soli. Bibi, tafuta mwanya uingize ukucha.

Nikatafuta, nikakosa. Kilele alikuwa anatoka jasho, na asubuhi yenyewe ni ya ukungu na manyunyu.

— Kamati ije, akasema Redio. Leo watatueleza mbele ya watu ni lini mkono wa Mwafrika uliacha kuwa mkono.

Ikaja. Ilikuwa mwalimu Hedwiga wa kwaya, peke yake, na mwavuli na gambuti zenye tope.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, hawa wanakungoja wakutafune.

Mwalimu akamzunguka Kilele, akambonyeza bega, akamgonga mgongo.

— Fundi, hii ni nzuri. Ile ya dukani inakaa kama ndoo.

Redio alikuwa ameshasimama na kidole juu. Akakishusha.

— Ila waigizaji wetu ni wachache, mwalimu akaendelea. Askari ndiye huyo huyo malaika wa kaburini. Kwaya ikimaliza wimbo mmoja, awe ameshavaa kanzu nyeupe. Hii inavuliwaje?

Redio akaangalia mlima, ambao kwa ukungu ule haukuonekana. Ndesanjo akamzunguka Kilele mara moja, akarudia. Akainua mkono wa kushoto, akatafuta mwanya kwapani, akauteremsha taratibu.

— Fundi, akasema Kilele kwa sauti ndogo. Mwalimu anakuuliza.

Ndesanjo akamgeukia mwalimu.

— Huo wimbo una beti ngapi?

— Tatu.

Akaingia kibandani, akatoka na kisu cha soli. Kilele akainua mikono juu, akafumba macho. Birika lilikuwa bado nusu. Nikammiminia mwalimu kikombe, nikampisha kwenye benchi, nikamwambia aanze kuimba, tupime kama beti tatu zitatosha.