Kimoja kwa Wiki

Mfamasia alikuwa akisinzia kwenye basi la asubuhi alipomsikia fundi saa, kiti cha mbele yake, akimwonyesha viwiko mwalimu mstaafu aliyeketi naye.

"Mama, kibanda changu kiko chini ya ngazi, jua nalisikia kwenye redio tu. Ngozi ikawa kavu kama gome la mti. Nikapimwa damu, vitamini D iko chini mno. Nikapewa vidonge vya mafuta, kimoja kwa wiki. Basi kila Jumapili natoboa kimoja, najipaka."

"Unajipaka? Mwanangu, hivyo ni vya kumeza!"

"Ngozi iko nje, mama, tumbo liko ndani. Vitafikaje? Tazama kiwiko kinavyong'aa!"

"Hata kiatu ukikipaka mafuta kinang'aa."

Usingizi ukamruka mfamasia. Vidonge vile alivitoa yeye, macho yakiwa kwa mteja wa pili. Naye ndiye hushinda akilalamika kwamba wateja wa siku hizi hawasikii! Kweli, nyani haoni kundule. Mtaalamu wa miaka kumi na mmoja kazini akajificha nyuma ya gazeti, tena amelishika juu chini.

Basi likasimama. Fundi saa akainuka, akageuka, akamtambua papo hapo.

"Dada wa dawa! Afadhali upo. Hebu mwambie mama huyu kama sikusikia ulivyoniambia."

Mfamasia akashusha gazeti. Fundi alikuwa amesikia vizuri, maneno yote matatu aliyoambiwa: kimoja kwa wiki.