Siku Kétsia Alipotoa Vitu Nje

Pale Mushaki, barabara ya Sake kwenda Masisi inapopanda kidogo na malori yanalazimika kushusha gia, kuna benchi ya mbao mbele ya duka la Papa Mbusa. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, kwa hiyo ukikaa upande wa kushoto lazima ushike kikombe vizuri. Mama Libérata anakuja mapema na thermos yake ya kahawa, anakalia bidon, dumu tupu la mafuta, na mpaka kahawa iishe hakuna mkubwa wa dunia hii ambaye hajasemwa hapo. Mwaka ule vita vilikuwa vinahama mlima hadi mlima, leo huku, kesho kule, na watu wa benchi walikuwa wamezoea kuvijadili kama wakulima wanavyojadili mvua.

Wenye benchi walikuwa watatu. Papa Mbusa mwenyewe, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, walimwita Tonnage kwa sababu kila kitu alikipima kwa uzito, hata mahubiri ya padri. Floribert, mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao inayoshusha magunia milimani, jina lake lilikuwa Sans Frein, na halikuwa la chukudu peke yake: mdomo wake pia haukuwa na breki. Wa tatu alikuwa Papa Kasika, mkulima wa maharage, mtu wa maneno machache. Yeye walimwita Sentinelle, maana kila asubuhi alichagua ule upande mbovu wa benchi, uso ukitazama mlango wa Kétsia ng'ambo ya barabara, utadhani amelipwa kuulinda. Walimtania sana kwa hilo. Alicheka nao, na sababu hakuwaambia.

Sababu ilikuwa ndani ya mashini ya Kétsia. Binti huyo alirudi kutoka masomo Goma na kompyuta moja, ndiyo hiyo mashini, na paneli ya jua, akapanga chumba, akafungua blogi aliyoiita Barabara Leo. Kila alfajiri alipanda mlima kati ya ng'ombe kutafuta réseau, yaani mtandao, akaandika wapi daraja limekatika, wapi pasipitwe, kambi gani imekosa maharage. Madereva hawakuwasha injini kabla ya kumsoma. Lakini kilichomfanya apendwe hasa ni sauti. Aliwakalisha waliopoteza watu wao mbele ya mashini, wakasema wanamtafuta nani, naye akazituma sauti hizo duniani. Mama mmoja alimpata mumewe Bukavu kwa njia hiyo, mwingine akapata wajukuu wake wote. Basi watu wakaanza kumletea hata picha zao awawekee, maana ukikimbia unabeba sufuria na godoro, picha zinabaki kulowa. Walimwachia vitu vyao kama mtu anavyomwachia jirani kuku wake. Na siku Mushaki nzima ilipokimbia, yeye aliacha godoro, akafunga mashini mgongoni kwa kitenge.

Verdiane, mke wa Kasika, alikaa mbele ya mashini hiyo. Alikuwa anamtafuta Prince, kitinda mimba wao, ambaye njia zilipogawanyika katika kukimbia alifuata watu waliokuwa wanaelekea Walikale, upande wa Mpofi, na hakuonekana tena. Kasika siku ile alibaki nje ya mlango, kwa sababu hakutaka mke wake amwone akilia. Baadaye vita vilirudi, watu wakakimbilia kambi ya Lushebere, huko Verdiane akashikwa na homa, akafa. Kasika alirudi Mushaki peke yake na simu ya tochi isiyojua kitu zaidi ya kupiga na kupigiwa. Ile sauti hakuwahi kuisikia. Mara nyingi alisimama avuke barabara akaiombe, miguu ikakataa. Ilimtosha kukaa pale akijua kwamba Verdiane yumo mle ndani.

Sasa asubuhi ile, kahawa ya kwanza ikiwa bado inachoma midomo, mlango wa Kétsia ulifunguka, ikatoka meza. Baada ya meza, kiti. Baada ya kiti, printa iliyokufa zamani, kamba za umeme zilizofungamana, mabango ya semina za ONG, yale mashirika ya misaada, zisizokumbukwa na mtu. Kisha Kétsia mwenyewe, kitambaa kichwani, akakung'uta mkeka, vumbi likavuka barabara mpaka kwenye vikombe.

Mama Libérata alifurahi. Alisema huyo binti anaolewa, na alikuwa amelisema hilo tangu Pasaka, ila watu hawamsikilizi muuza kahawa.

Tonnage akatikisa kichwa. Muolewaji hatupi kiti, alisema, kiti ni kilo sita nzima. Kwa mtazamo wake Kétsia amepewa kazi na wazungu, anahamia Goma kwenye ofisi yenye baridi ya kutengenezwa, na hivyo vitu anavipunguza ili gari lisizidishe mzigo.

— Tuache kubahatisha, Sans Frein akasema. Miye naenda kuona. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje hapo, lakini alishavuka. Walimwona akichungulia dirishani, akainama, akachungulia tena. Aliporudi hakukaa.

— Kétsia iko chini kwa sakafu, mashini iko juu ya magoti, akasema. Anafuta. Anaangalia kitu, anafuta. Anaangalia ingine, anafuta. Hata miye hakuniona.

Kikombe cha Kasika kilipinduka. Wenzake walidhani ni ule mguu mbovu wa benchi.

Sans Frein alikuwa ameshika njia na hakuna wa kumsimamisha. Aliwauliza ni nani anafuta vitu. Ni mtu asiyetaka vikutwe. Na ni nani hataki vikutwe? Ni mtu anayejua kwamba wenye kuvikuta wako njiani. Nani anaijua barabara hii kuliko Kétsia? Basi hesabu imekwisha: wenye bunduki wanakuja, labda mchana huu, labda wameshafika kwenye kona.

— Lakini angetuambia, Mama Libérata akasema.

— Mama, bandu bandu huisha gogo.

— Iyo inataka kusema nini?

— Inataka kusema wanakuja wote kwa mara moja.

Mahali pengine watu wangecheka. Lakini katika milima ile, miaka ile, hapakuwa na mtu aliyetoa vitu vyake nje ili asafishe. Vitu vilikaa karibu na mlango, nusu vimefungwa, na vumbi liliachwa likae juu yake, kwa sababu nani anapangusa kabati ambalo kesho ataliacha? Meza ikionekana uani asubuhi, maana yake ilikuwa moja tu, na hata watoto waliijua. Tonnage alisimama taratibu. Alitamka kwamba haraka haraka haina baraka, kisha akakimbilia dukani kufunga magunia ya chumvi ayapakie kwenye lori lake. Mama Libérata akaifunika thermos. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliwaona, akaanua zikiwa bado zinachuruzika. Mbuzi wakafunguliwa kamba. Habari ikashuka barabarani, na kila ilipofika ilikuta imeshaongezwa: wamefika mtoni, wamepita mtoni, Kétsia amewahesabu kwa macho yake.

Kasika alibaki kwenye benchi. Hakuwa na godoro la maana wala mbuzi, na vita, Mungu amsamehe, havikuwa akilini mwake. Aliwaza kidole. Alipokuwa shuleni aliambiwa kidole kimoja hakivunji chawa, akaamini maisha yake yote, na kumbe kwenye mashini ile kidole kimoja kinatosha kumzika mtu mara ya pili. Safari hii miguu haikuulizwa. Alivuka.

Chumba kilikuwa kitupu, kimepigwa maji, kinanuka sabuni. Kétsia alikuwa ameegemea ukuta, mashini mapajani.

— Ingia Papa Kasika. Angalia usiteleze.

— Mwanangu, wanasema unafuta.

— Nafuta, Papa. Mashini imejaa, haitaki tena kupokea. Kuna mama iko Lushebere anangoja nikamate sauti yake, anatafuta bantu yake, na miye sina nafasi ya kuiweka. Nikaona nianze na nyumba, kisha niingie mu mashini. Kichwa hakifanye kazi fasi chafu.

Kasika alishika mlango. Alikuwa amepanga salamu ndefu, habari za mvua, habari za wazazi wa binti, lakini vyote vilimtoka.

— Na Mama Verdiane? Ulimufuta?

Kétsia akasogea, akapapasa sakafu kando yake ili mzee akae, akamgeuzia kioo. Alimwonyesha anachofuta. Kazi zake zote za chuo, zile alizokesha nazo. Picha za siku aliyopewa diplome, akiwa kwenye kanzu ile nyeusi, mama yake akishangilia. Sikukuu za kuzaliwa, kwaya aliyoimba, filamu alizopenda, hadithi aliyokuwa anaandika mwenyewe tangu aanze blogi na hakuwahi kumwonyesha mtu. Alifuta hadithi hiyo mzee akiwa anaangalia.

— Nafuta byangu, Papa. Bya bantu sigusi.

— Hata foto za diplome?

— Diplome yenyewe niko nayo, iko mu valise. Sauti ya Mama Verdiane, kule nilikoituma walisha kuiondoa, haiko tena fasi ingine.

Kasika alipenda kumbariki, akaishia kumshika mkono na kuutikisa kama wanavyofanya watu wakiuziana ng'ombe. Katika maisha yake alikuwa ameona watu wakitoa chakula, wakitoa kitanda. Mtu anayejitoa mwenyewe kidogo kidogo ili wengine wapate mahali pa kukaa, huyo alikuwa hajamwona.

Ndipo waliposikia injini ya lori la Tonnage. Kétsia alitoka mlangoni na ufagio mkononi, akasimama. Barabara ilikuwa imejaa. Magodoro vichwani, sufuria migongoni, kuku wamefungwa miguu, chumvi nusu lori, na Sans Frein mbele ya wote, ameshikilia chukudu iliyobeba bibi mmoja mzima na cherehani yake.

— Munaenda wapi?

Walitazamana. Jirani wa nguo mbichi akamtazama Tonnage, Tonnage akamtazama Sans Frein, naye Sans Frein akageuka nyuma kuona kama kuna mwingine wa kutazamwa.

— Si tunakufuata weye, akasema mwishowe.

— Miye? Miye nafagia.

Aliwaeleza kwamba alfajiri alikuwa mlimani kama kawaida, barabara imefunguka hadi Masisi, wangesoma wangejua. Na siku hatari ikija, atapiga kelele nyumba hadi nyumba kabla hajatoa hata kijiko chake. Hakuwasema vibaya. Bibi wa chukudu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka cherehani ikaanguka, na hapo kila mtu akashika mbavu zake.

Mama Libérata peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ile sakafu iliyooshwa.

— Huyu mutoto anasafisha kama muntu wa kubakia, akasema. Na siye wote tunaishi kama abiria.

Alirudi kwake, na watu wakamwona anatoa vyombo nje na kuvipangusa. Baada ya hapo wengine nao wakaona haya kufunga tena magunia yao, wakachukua mifagio. Sans Frein alirudisha meza ya Kétsia ndani, Tonnage akashusha chumvi yake akilalamikia mgongo, kisha akamletea binti rafu ya mbao kutoka dukani, akisema inazidisha uzito tu pale ilipo. Kwa mtu wa Butembo hayo ni maneno ya mapenzi makubwa.

Jua lilipokuwa juu, benchi ilikuwa imejaa tena, kahawa imebaki chini kabisa ya thermos. Kasika ndiye aliyeomba asikilizishwe ile sauti. Alisema mbele ya wote kwa nini anakaa upande ule mbovu, kwa maneno machache kuliko haya, na utani wote wa Sentinelle ukawaishia midomoni. Kétsia akavuka na mashini, akaiweka katikati ya benchi, akabonyeza.

Kwanza ilikuja kelele ya mbuzi na lori la siku ile. Kisha Verdiane, karibu kabisa, kama amekaa nao.

— Prince, ni mama. Tuko Mushaki, miye na baba yako. Baba iko inje, anajifanya anaangalia mbuzi, lakini najua analia. Hakuna mwenye kukukasirikia. Njoo tu. Prince, ulisha kula?

Ikakatika hapo. Mama Libérata aliinamisha thermos juu ya kikombe cha Kasika, ikatoa tone moja. Kasika alikuwa analia waziwazi, mbele ya watu, bila kujifanya anaangalia kitu.

— Rudisha tena, mwanangu, akasema.