Alama Nne kati ya Ishirini

Waombolezaji wapendwa, kijana tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pancha, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1996, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya baiskeli, na jina hilo alilipata darasa la pili, siku aliposhika mkia katika mbio za magunia, akachechemea hadi nyumbani akidai mguu umeisha upepo.

Alianza shule ya msingi Januari 2003, akajiunga na sekondari Januari 2010, na tarehe 9 Agosti 2013 alikimbia mita 1,500 kwa dakika tatu na sekunde hamsini na nane, rekodi ya shule, wala si dakika tatu na sekunde hamsini kama baba yake mdogo anavyowaambia wageni tangu juzi.

Mwezi uliofuata mwalimu wake wa Kiingereza aliwapa mtihani wa kuchambua shairi la zamani, ambamo mshairi anamsifu kijana aliyeshinda mbio akafa mapema, kwamba ameondoka kabla sifa zake hazijachakaa, na marehemu wetu akajibu hivi, kwa tafsiri yetu: "Mshairi anampongeza marehemu, lakini hakumuuliza. Labda alikuwa na mbio nyingine Jumamosi." Alipata alama nne kati ya ishirini.

Kuanzia Juni 2015 alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sabuni, jioni akiwafundisha wanafunzi mbio, na tarehe 20 Julai 2019 mmoja wao aliivunja rekodi yake kwa sekunde mbili, marehemu mwenyewe akiwa ameshika saa, akampigia dada yake simu akicheka hadi pumzi zikamkatika, hivyo wanaosema amekufa akiwa kileleni tunawaomba, kwa heshima zote, waache.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2020 na karani wa maktaba, wakajaliwa binti tarehe 3 Oktoba 2022.

Februari 2024 alianza kuugua figo, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Kesho yake mwalimu yuleyule alifika msibani, akalichambua shairi lile sebuleni kwa dakika ishirini, akaomba lisomwe hapa kaburini, baba mdogo akaafiki, ndipo dada wa marehemu alipoitoa ile karatasi ya mtihani katika sanduku la vitabu vyake vya shule, mwalimu akaisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Lakini vina hakuvigusa."

Shairi halitasomwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotuazima viti, wafanyakazi wenzake waliobadilishana zamu ili wamuuguze, na mwalimu pia, kwani amekuja, ila tunaomba jambo moja, binti wa marehemu leo ana mwaka mmoja na miezi minane, na siku atakapowauliza, asiwepo hata mmoja wenu wa kumwambia kwamba baba yake aliondoka wakati mzuri.

Pumzika kwa amani, Pancha, ingawa tunajua ulikuwa bado hujachoka.