Nilicheka Msibani, na Halikuwa Pepo

Bwana asifiwe! Mbona mmeitikia kinyonge? Kaeni kwa amani, leo siumi mtu.

Ndugu zangu, mnajua mimi ndiye mchekeshaji wa kidato cha tatu. Siku kiharusi kiliponipiga, nilikuwa mbele ya darasa namwigiza mwalimu wa zamu. Mdomo ukaenda upande, mguu ukalegea, nikaanguka. Darasa zima likapiga makofi! Rafiki yangu akapaza sauti, "Huyu atatuua!" Walicheka mpaka walipoona sinyanyuki.

Ndiyo, kiharusi, kwa msichana wa umri huu. Nina selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na selimundu inaweza kuziba mshipa wa kichwani bila kuuliza mtu yuko kidato gani.

Hospitali wakanishughulikia, mguu ukarudi. Mnaona wenyewe, nachechemea kwa maringo. Lakini nililia nikipewa chai. Nilifoka nikisalimiwa. Na kule msibani kwa jirani, jeneza linapita, nikaangua kicheko kisichozuilika, huku ndani nina huzuni kama nyinyi. Hapo mkasema pepo. Nawaambia bila kuficha: mlinikemea mpaka mate yakanifikia, na nafuu sikuiona. Baba naye akasema, "Shule basi. Kaa nyumbani, usituaibishe." Hilo liliniuma kuliko mguu.

Ndipo bibi akaja kutoka Haneti. Nyumbani wote walikuwa wananong'ona karibu yangu kama kwenye maiti. Yeye kaingia na sauti yake: "Wee mke mwenza! Mchana wote huu umelala, mume wetu atakula nini?"

Nikarusha bakuli la mlenda ukutani.

Mama akashika kichwa. Bibi akautazama mlenda unavyoteremka, akasema, "Umekasirika. Kuku wangu yuko wapi?" Maana kwetu, kwenye utani wa bibi na mjukuu, anayekasirika hulipa kuku.

Nikacheka, kicheko changu chenyewe. Kisha kikageuka kilio, kikakataa kukoma. Bibi hakukemea, akangoja.

"Hicho kilio ni chako?"

"Hapana, bibi. Kinatoka tu."

Akamgeukia mama. "Daktari mlimwambia hivyo?"

Jamani, tulimwambia habari za mguu tu!

Tukarudi kliniki, na baba tukamburuta. Daktari akasema, "Sehemu za ubongo hupelekeana habari. Kiharusi kimekata baadhi ya njia, kama korongo linavyokata barabara mvua zikinyesha. Sehemu inayohisi na ile inayozuia machozi hazisikilizani vizuri. Kuna dawa, kuna mazungumzo. Njia nyingine hufunguka, polepole."

"Kwa hiyo si ukorofi?" baba akauliza.

"Si ukorofi, mzee. Na shule itamsaidia."

Baba akatazama viatu vyake. Siku ya kurudi shule, yeye mwenyewe alinipigia pasi sare, akaiunguza kola.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, na mama aliyesugua ukuta, na baba kwa kola hii mnayoiona. Bibi simshukuru, bado ananidai kuku.

Na nyinyi, wazee wangu wa maombi, nawapenda. Ombeni, ila mgonjwa wa kiharusi akibadilika hali, mpelekeni akalieleze na hilo kwa daktari. Mimi bado sijapona sawasawa. Nitacheka tena vibaya, pengine msibani kwenu. Mnipishe nitoke nje nikatulie, kisha nirudi nizike na wenzangu.

Lakini nyumbani sikai.