Ladha ya Tatu

Siku ile chumbani kwa mama mkwe tulikuwepo wifi yangu mkubwa, mshonaji, ambaye nyumbani wanamwita Fundi. Mdogo wake, yaani mume wangu, dereva wa lori, wanayemwita Breki kwa sababu utotoni hakujua kusimama. Mlinzi wa msitu wa misonobari, kofia mkononi. Na mimi, na mwanangu mchanga mapajani. Mume wangu hakuingia hasa. Alisimama kizingitini. Mama mkwe aliomba mto wa pili mgongoni, nikamwekea, akaanza kusema.

Sikilizeni wanangu, na wewe mlinzi sikiliza, maana una dai lako humu. Msianze kulia, mkilia nitasahau ninachotaka kusema, na bado nina mambo mengi ya kuuliza dunia. Nyumba hii ni yenu wawili. Chumba cha mbele na cherehani ni vya Fundi, asije mtu akamwambia ahamishe vitambaa vyake. Vyumba vya nyuma ni vya Breki na mkewe, waache kupanga kwa watu. Jikoni hapana mwenyewe, ni penu nyote, na hapo ndipo penye kazi, kwa hiyo nimewaita kwa sababu ya ile chupa dirishani.

Iangalieni. Miaka yote nimechemsha machipukizi ya msonobari, yale machanga ya nchani, nikachuja, nikatia sukari, mkanywa, kikohozi kikatulia, au kilitulia kwa sababu siku zake zilikwisha, sijui, na sikuwahi kumwambia mtu kuwa najua. Mwaka huu, nikiokota matawi yaliyoangushwa na upepo, nikaona vitunda vichanga, vya kijani, laini hata ukucha unaingia, nikajiuliza: hivi navyo vina nini ndani? Nikavikata, nikavipanga na sukari tabaka kwa tabaka, nikaviweka juani bila tone la maji. Na tazameni, sukari imeyeyuka yenyewe, imekuwa kahawia kama chai. Maji yametoka wapi? Kila asubuhi mke wa Breki anafika na mtoto mgongoni, ananigeuzia chupa hiyo ipate jua upande wa pili, hata kabla hajakaa, wala sikumwomba. Aliona tu macho yangu yanaangalia wapi. Juzi nimeonja kwa ncha ya kijiko. Kuna ladha kama ya limau, kuna kama ya ubani, halafu kuna ya tatu ambayo sikuijua, na hiyo ya tatu ndiyo inayoniudhi, kwa maana shira haijaiva na mimi nimeiva kuliko yenyewe. Cheka, Fundi, usijizuie.

Sasa Breki, usiangalie viatu vyako. Nitalitaja lile gunia.

Mnakumbuka msimu ule miguu yangu ilipogoma kwa muda kupanda mlima. Huyu mwanangu akiwa safarini akaona miti kando ya barabara, mirefu, majani kama sindano, akasema mama hapandi tena, akasimamisha lori, akajaza gunia matawi yake, akalileta likiwa limekaa kiti cha mbele kama abiria. Ilikuwa mivinje, si misonobari. Fundi akachukua jani moja, akalivuta, likaachana vipande vipande kwenye vifundo vyake, wakati sindano za msonobari hung'oka nzima, zimeshikana chini kama nyuzi zilizofungwa pamoja. Alisema kweli. Lakini aliisema mbele ya wateja wake na wakwe zake Breki: “Jamani, tumeletewa mafagio! Breki, wewe unaendesha lori au lori ndilo linakuendesha?” Watu wakacheka. Breki akajibu, “Basi chumeni wenyewe,” na tangu hapo akija hapiti barazani. Anapiga honi, anaacha sukari na sabuni, anaondoka, na dada yake anabaki anashona mashine ikikimbia kuliko kawaida.

Sasa niwaambie msichokijua. Majani yale niliyachemsha. Msinicheke, nilitaka kujua. Nikanywa peke yangu, mdomo ukanikauka kama nimelamba ukuta, nikamwaga. Lakini matawi yake manene niliyaanika, na siku kuni zangu zilipoloa mvua nikayatia jikoni. Wanangu, moto ule! Haukufuka, haukuruka cheche, ukakaa na kaa lake limetulia kama mtu anayesubiri zamu yake, na shira ikachemka polepole bila kuungua chini wala kushika harufu ya moshi. Ndiyo shira ile ambayo wewe Fundi ulilamba upawa ukaniuliza, “Mama, mwaka huu umetia nini?” Sikukujibu kwa sababu sikuwa na hakika kama ni kuni au ni mvua. Msimu uliofuata nikapika sufuria moja kwa kuni zile na nyingine kwa kuni zangu, nikawaonjesha bila kuwaambia, mmoja jikoni, mwenzake huko kwenye lori, na nyote wawili mkachagua ileile. Basi leo nakujibu, Fundi. Nilichotia ni gunia la mdogo wako.

Nipeni maji kidogo. Hapo, yatosha.

Vitunda vikishakunjamana na mapovu yakakoma, ipikeni. Fundi achuje, kitambaa chake hakiachi hata unyoya. Kuni zilizobaki ziko nyuma ya jiko, kavu, lakini si nyingi. Zikiisha, Fundi, utamwomba Breki mwenyewe, kwa mdomo wako. Usimtume mkewe. Na wewe Breki, ukiombwa, usimuulize dada yako kama anataka mafagio.

Mlinzi nina deni lake, chupa kila msimu, kwa kuniacha niokote na kwa kunibebea mzigo hadi njiani akijifanya anaelekea huko huko. Mwenye duka la dawa, aliyeita shira yangu maji ya miti, mpelekeeni naye. Namsikia akikohoa nyuma ya kaunta yake. Huyu mchanga asipewe mpaka awe mkubwa. Anayekohoa damu msimpe shira, mpelekeni hospitali, tena mumsindikize. Msikate mti uliosimama. Okoteni... upepo unatosha.

Wekeni chupa hapa, mkononi. Ina joto. Jua limeingia humo, eh? Limeingiaje... Mungu awape mikono yenye subira na midomo ya kuombana. Breki, ingia ndani mwanangu, baridi inapita hapo mlangoni. Mkiionja, ile ya tatu... mtakuja mniambie... ni kama nini...

Tulimzika kabla vitunda havijakunjamana. Siku ya kupika, kuni za gunia ziliisha shira ikiwa bado nyepesi. Wifi aliweka upawa chini, akatoka hadi kwenye lori, akagonga kioo.