Sikio la Upande wa Ukuta

Benchi la nje kwa Brashi ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa duka lake. Brashi ni fundi wa mabango. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu vibao vya watu mpaka mkono ukanyooka, na hasira zake ziko karibu kama mate. Wanaokaa naye ni Wakili, muuza makufuli ambaye mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Injinia, fundi redio. Na Mama Birika, mwenye kahawa na mwenye neno la mwisho. Ncha ya kushoto, pale ukuta wa jirani unapochomoza, alikuwa anakaa Taratibu, msukuma mkokoteni, bega limebanwa ukutani, anawacheka wote bila kuchangia hoja. Taratibu aligongwa na lori upande wa pili wa mji, mfukoni hana hata karatasi. Mpaka wenzake wanapata habari na kufika mochwari, wakaambiwa maiti ilikosa wenyewe, halmashauri imeshazika. Walionyeshwa shati. Lilikuwa lake. Wakarudi vichwa chini, wakaapa angalau watundike bango la sura yake, ndugu zake popote walipo wajue. Leo kwenye nafasi yake imewekwa kompyuta ya Brashi, na ndani ya kompyuta kuna sura inayokataa kuwa sura.

— Huyo si Taratibu, alisema Wakili. Huyo ni kiazi.

— Kiazi ni wewe. Subiri.

Picha ilikuwa hiyo hiyo moja, kutoka simu ya zamani ya vitufe ya Mama Birika. Siku hiyo alikuwa anapiga picha birika jipya, Taratibu akajipenyeza nyuma yake, kofia mkononi, meno yote nje. Uso mzima hauzidi ukucha wa kidole gumba. Ukiukuza unavunjika miraba miraba kama sakafu ya bafu. Ndipo Brashi akaupeleka kwenye tovuti moja inayochukua picha za vidoti namna hiyo na kuzichora upya kwa mistari, ili hata ukitaka ijae ukuta isipasuke. Kuna pa kuongeza rangi, pa kulainisha mistari, na pa kufuta madoa. Brashi alikuwa ameshasogeza kote huko mpaka kidole kimechoka.

— Punguza rangi, alisema Injinia. Mtu mweusi unamwekea rangi kumi na sita za nini?

— Nikipunguza pua inaungana na mdomo.

— Basi ongeza.

— Nikiongeza anaota ukurutu. Injinia, wewe tengeneza redio.

Wakili alivuta kahawa kwa kelele.

— Mimi nawaambia, hizo tovuti si za bure bure. Unaingiza sura ya maiti wako, wao wanaihifadhi. Kesho utamwona Taratibu kwenye tangazo la sabuni nchi za watu, anaoga.

— Afadhali aoge, alisema Mama Birika. Hapa maji yalikuwa yanamkimbia.

Walicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Kila mtu akatazama kikombe chake.

— Kuna kubwa kuliko hilo, alisema Injinia, sauti chini. Kule kwenye mashine wana ghala la sura. Ile yako ikipungukiwa kidevu, wanachomoa cha marehemu mwingine wanabandika. Mtazame vizuri. Hicho kidevu mnakijua?

Wote wakainama. Kweli, kidevu hawakukijua.

— Kwa hiyo tukitundika, alisema Wakili, ndugu wa mwenye kidevu nao watakuja kudai.

— Na wa pua.

— Na wa pua! Hapa patajaa matanga ya watu tusiowajua.

— Nyamazeni! Brashi alipiga ubao, vikombe vikaruka. Mtu amezikwa kama taka, nyie mnagawana kidevu! Mimi kazi yangu nafanya wazi. Kilichopo naweka, kisichopo siweki. Sasa tazameni hapa, kwenye sikio.

Sikio la kushoto lilikuwa na pengo juu, kama biskuti iliyong'atwa. Brashi alikuwa amelivutia karibu likajaa kioo.

— Doa, alisema Injinia. Vidoti vimekatika. Simu ile ilikuwa mbovu.

— Simu yangu haikuwa mbovu.

— Mama, ulikuwa unaifunga kwa mpira.

— Ndiyo, na ilikuwa inapiga! Lakini sikio alikuwa nalo zima. Nimemmiminia kahawa yule mtoto miaka yote, nisingeona?

— Mimi nilikuwa nakaa naye bega kwa bega, alisema Wakili. Sikio zima kabisa. Ziba, Brashi. Usimwaibishe marehemu.

Brashi alishika kipanya, akaburuta mstari, akauzungusha taratibu, akalifunga pengo. Akafuta madoa yaliyobaki, akalainisha. Sura ikatulia. Ilikuwa safi, mistari haina kona, shavu kama la bwana harusi. Kwa mara ya kwanza tangu mochwari alihisi kifua kimeachia.

— Huyo sasa ni mtu, alisema Mama Birika, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Hapo ndipo yule mwanamke aliposimama mbele yao. Alikuwa amejifunga mtandio, viatu vina vumbi la safari, begi begani.

— Hamjambo. Nimeelekezwa hapa na wapagazi wa sokoni. Namtafuta kaka yangu. Anasukuma mkokoteni.

Brashi aliigeuza kompyuta, polepole, kioo kikamwelekea.

Mwanamke alitazama kwa muda mrefu. Kisha akashusha pumzi, hata akatabasamu kidogo.

— Siye. Mungu mkubwa. Siye huyu.

— Una hakika, dada? aliuliza Wakili.

— Huyu namwonea huruma, lakini simjui. Kaka yangu sikio la kushoto lina pengo. Mbwa alimng'ata tukiwa wadogo, alikuwa ananikinga mimi. Asanteni. Ngoja niulize mbele.

Alikuwa ameshageuka. Wakili alimtazama Injinia, Injinia akatazama chini. Brashi alitazama ule ukuta wa jirani, pale ulipopakwa weusi na bega la mtu miaka nenda rudi. Sikio la kushoto. Upande wa ukuta. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa upande ule.

Angenyamaza, mwanamke angekwenda na tabasamu lake. Brashi akainuka.

— Dada. Rudi. Hiyo nimeiharibu mimi.

Alifungua ile picha ya mwanzo. Mwanamke akaikaribia, akaikuza, ikavunjika miraba miraba.

— Sioni kitu hapa.

— Usiikuze. Iache ndogo. Sasa rudi nyuma.

Alirudi hatua, tena hatua, mpaka visigino vikagusa mtaro. Kwa umbali ule vidoti vilishikana: birika jipya, kofia mkononi, meno yote nje, na sikio lenye pengo.

Begi lilimteleza begani likaanguka. Brashi alinyakua kompyuta kutoka kwenye ile ncha ya benchi, akaifuta nafasi kwa kiganja, na mwanamke akaja akakaa, bega lake likaegemea ukutani palepale. Walimsimulia: lori, mochwari, shati. Wakili mwenyewe alisimulia, bila kuongeza chumvi.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

— Nawashukuru mlikuwa ndugu zake huku. Basi nipelekeni. Amezikwa wapi?

Wakili alianza kupanga makufuli yake. Injinia alimtazama Brashi, na Brashi, aliyekumbuka sasa kwamba kule mochwari hakuna kati yao aliyeuliza kaburi, akashusha macho kwenye ile sura safi iliyokuwa bado imefunguka kioo kizima nyuma ya ile picha ndogo.

Mama Birika alichukua kikombe kwa ajili ya mgeni, akainamisha birika juu yake, akazidi kuliinamisha, na halikutoa hata tone.